Ukinunua Redio ya Mnara, Umeshanunua na za Wateja

Mbukwenyi! Asanteni. Wageni wa Dodoma mliokaa kimya, hiyo ni salamu ya Kigogo, mtazoea.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa vifaa kwa anayetaka kuuza intaneti isiyo na waya hapa mjini na vijiji vya jirani. Wengi wenu mna mnara mmoja, au mna kiwanja na nia ya mnara. Swali la "kampuni gani bora" naomba tuliweke pembeni. Swali langu ni hili: mteja wako wa mia mbili utamfungia redio gani, yaani kile kifaa cha paani kinachorusha na kupokea mawimbi ya intaneti?

Nitaeleza kwa nini naanzia huko. Redio nyingi za bei nafuu za masafa ya gigahezi 5 zimejengwa juu ya chipu za Wi-Fi. Kwenye Wi-Fi ya kawaida kila kifaa husikiliza kwanza, kikiona kimya ndipo kinaongea. Chumbani utaratibu huo unafaa. Nje haufai, kwa sababu mteja wa Nzuguni na mteja wa Ilazo wote wanausikia mnara wako lakini wao kwa wao hawasikiani. Kila mmoja anaona kimya, wanaongea kwa pamoja, mnara unapokea kelele. Kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo kasi inavyoporomoka, na simu yako haipumziki.

Dawa yake ni mnara kugawa zamu. Hapo ndipo kila kampuni ilipotunga utaratibu wake. Ubiquiti wana airMAX, MikroTik wa Latvia wana Nv2, Cambium, waliojitenga na Motorola mwaka 2011, wana wa kwao. Taratibu hizi hazielewani. Ukitaka zamu za airMAX, kila paa la mteja lazima liwe na redio ya Ubiquiti. Kwa hiyo siku unayofunga juu ya mnara sekta ya kwanza, yaani redio na antena inayohudumia upande mmoja, umeoa ukoo mzima, mashemeji na wajomba wote.

Ndiyo maana nasema msipige hesabu ya mnara. Mnara una sekta tatu au nne. Hata zikiwa ghali, ni tatu au nne. Redio ya mteja unaizidisha kwa mia mbili. Kampuni inayokupa sekta kwa bei ya kutupa na redio ya mteja kwa bei juu, imekukamata.

Halafu someni sanduku kwa akili. Limeandikwa megabiti 300. Kwa redio za kizazi cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n zenye antena mbili, hiyo ni kasi ya hewani kwenye chaneli, yaani njia ya mawimbi, yenye upana wa megahezi 40. Dodoma ya leo, yenye minara kila kona tangu Serikali ihamie, megahezi 40 safi utaipata wapi? Ukishuka hadi megahezi 20 unabaki na megabiti 144, kwenda na kurudi humo humo. Mteja hataiona hata hiyo yote. Toa gharama za zamu, toa wateja waliokaa mbali wenye mawimbi hafifu.

Kwa mwenye sekta nyingi kwenye mnara mmoja, ulizia usawazishaji wa GPS, yaani sekta zote kufuata saa moja ya setilaiti. Sekta zote zinarusha kwa wakati mmoja na kupokea kwa wakati mmoja, hivyo zilizogeuziana migongo zinaweza kutumia chaneli ile ile. Cambium wamejijengea jina hapo. Unalipia, lakini palipo na msongamano inarudisha fedha.

Jambo dogo linalounguza vifaa vingi: umeme wa redio. Zipo zinazokula volti 24, zipo za 48, na plagi ya waya ni ile ile. Adapta ya mteja inakufa, anakwenda dukani, anauziwa yoyote inayoingia. Ya 48 kwenye redio ya 24, moshi. Ukiwa na aina tatu za redio mtaani, jua hilo litatokea. Andika volti kwa maka peni kwenye adapta yenyewe, herufi kubwa.

Ndoa hii ina ubaya wake. Mwaka 2016 kirusi kiliingia kwenye redio za Ubiquiti zenye programu ya zamani. Mwaka 2018 ruta za MikroTik zilivamiwa kupitia tundu la Winbox, programu yao ya kusimamia ruta. Mara zote mbili mtengenezaji alishatoa marekebisho, wenye mitandao ndio hawakuyaweka. Vifaa vyote vikiwa vya ukoo mmoja, ugonjwa ni mmoja. Basi jifungeni pale tu mnapolazimika. Kiungo cha mnara kwa mnara kina ncha mbili tu, kiwe cha kampuni yoyote. Ruta vilevile.

Muuzaji mwulizeni: spea ziko Dodoma au Dar? Kifaa kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano? Akianza kuzunguka, nunueni kwingine.

Kuna swali pale nyuma, kuhusu redio zilizotumika kutoka nje. Nimelisikia, kaka. Sizikatai. Ila kabla ya kutoa hela, igeuze usome toleo. Zipo zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, zimefungiwa masafa ya kule na nchi huwezi kuibadilisha kwenye mipangilio. Kisha angalia kama mtengenezaji bado anaitolea programu mpya. Kama aliacha, hiyo ifungie nyumbani kwako, mteja usimfungie.