Mwalikwa na Mfuko Wake
Mhadhara kwa akina mama, Wete, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, wanangu, na nyinyi akina baba mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Nashukuru kwa kuitwa. Nimeombwa nizungumze juu ya gharama za harusi, na najua wengi mmekuja mkitaraji habari za mwenye shughuli: mahari, ukumbi, mapambo, biriani. Hayo yana wasemaji wengi. Leo namtaka mtu ambaye hakuna anayemuuliza hali yake. Namtaka mwalikwa.

Mwenye harusi hutoa kwa kadiri ya watoto aliojaaliwa. Akiozesha watoto wanne, ametoa mara nne, basi. Mwalikwa anatoa maisha yake yote, na hakuna anayemwekea kamati wala kumchangia.

Nianze na yangu. Wakati nikiwa bado nasomesha skuli, mfunguo mosi mmoja, mwezi ule unaofuata Ramadhani, nilipata mialiko saba ndani ya wiki tatu. Katika hiyo saba, mitano ilikuwa na sare. Nilikaa usiku na daftari. Kitambaa 30,000, fundi cherehani 15,000, mtandio wa kuendana nacho 7,000. Hiyo ni 52,000 kwa sare moja, na mara tano ni 260,000. Zawadi nilikuwa nimezoea kutoa 20,000, mara saba, 140,000. Jumla 400,000, na sijaweka nauli, na mmoja katika mialiko ile ulikuwa Unguja. Fedha ile ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Nilikopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, haikutosha, nikauza bangili yangu moja ya dhahabu, aliyoniachia mama yangu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa harusi kwelikweli, na matanga nilikaa hadi mfunguo tatu ukapita.

Lakini kilichonifundisha si deni. Harusi ile ya Unguja ilikuwa ya binti wa dada yangu, tumbo moja. Sare ilikuwa ya zambarau. Kitambaa kilichelewa kufika, na fundi naye alikuwa na nguo za harusi tatu mbele yangu. Nikamngoja. Kwa kumngoja fundi, nikakosa boti niliyopanga kuondokea, nikafika siku ileile ya shughuli, alasiri, nimeng'ara. Nikamkuta dada yangu uani, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Alikuwa anapika tangu usiku, yeye na majirani wawili. Akanitazama nguo yangu, hakusema vibaya, akasema tu: "Nilikungoja tangu juzi."

Ndugu zangu, neno lile ninalo mpaka leo. Nilitumia kila nilichokuwa nacho nifike harusini kwa dada yangu, na kitu pekee alichokitaka kwangu, mikono yangu, sikukileta. Nguo ya zambarau iko kabatini, nimeivaa mara moja.

Hebu tukumbuke mwaliko ulikuwa nini. Wenye umri wangu wanajua. Mama mmoja alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kualika kwa mdomo, na ukishaalikwa ulijua kazi yako. Siku mbili tatu kabla, wanawake walikusanyika: huyu anachambua mchele, huyu anatwanga bizari, huyu anakuna nazi, huyu anakata vitunguu huku analia na kucheka. Mtu alikuja na pishi ya mchele, au nazi sita, au kuku. Mwenye kujua ukili alikuja na mkeka aliousuka kwa miezi. Hakuna aliyekuwa mgeni wa kukaa kitini. Harusi ilikuwa kubwa kwa sababu kila mtu alikuwa amebeba kipande chake.

Na tusidhani kuwa hiyo ni mila ya umasikini. Katika mapokezi ya Sahihi Bukhari, Anas anatusimulia harusi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na Bibi Safiya, wakiwa njiani wanarudi kutoka Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra. Ilitandikwa ngozi, ikaambiwa mwenye kitu na akilete. Huyu akaleta tende, huyu samli, vikachanganywa, watu wakala, ikawa ndiyo walima, karamu ya harusi. Waalikwa ndio walioleta chakula, kila mmoja kwa alichokuwa nacho safarini. Hakuna aliyetumwa kwenda kukopa.

Sasa nizungumze sare, maana hapo ndipo mfuko wetu unapotoboka.

Sare si mbaya kwa asili yake, wala haikuanza jana. Bibi zetu wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, walishona sare na wakashindana kwa vikundi vyao. Na hata leo ukiona akina mama arobaini wamevaa kanga moja wanaingia uani kwa vigelegele, moyo unafurahi. Lakini angalieni tofauti. Kanga ni doti moja, vipande viwili. Harusi ikiisha unajifunga nyumbani, unambebea mtoto, unasalia, mpaka ikichakaa inakuwa tambara la jikoni. Haipotei hata siku moja. Ile nguo ya satini yenye vishanga ukishaivaa kwenye harusi ya fulani imekwisha, kwa sababu kila mtu anajua ni sare ya nani. Ukiivaa kwenye harusi nyingine utaulizwa kwa macho. Basi tunanunua nguo ya masaa manne.

Na hapa nawageukia akina baba. Mwanamme ana kanzu moja nyeupe na kofia yake nzuri ya kushona kwa mkono. Anakwenda nayo nikaha ya Ijumaa hapa Wete, Jumapili anakwenda nayo Chake Chake, wiki ya pili Mkoani. Anakula haluwa, anakunywa kahawa, anaitikia dua, anarudi. Umepata kusikia mwanamme akisemwa kwamba kanzu hii tuliiona harusi iliyopita? Hawasemwi. Wao walishakubaliana zamani kwamba vazi la heshima ni moja na linatosha. Sisi tuna buibui, linatusitiri sote, tajiri na masikini. Kwa nini hatukubaliani? Nauliza kweli, na ningependa wenye mawaidha misikitini walitie neno hili midomoni mwao.

Hadi tukubaliane, mwenye kualikwa afanye nini? Kwanza aseme mapema. Ukikaa kimya mpaka siku ya shughuli, kisha ukaja bila sare, mwenye harusi atadhani umemdharau. Lakini siku ileile unapoonyeshwa kitambaa, sema: "Mwanangu, hii sitaiweza, lakini tangu alfajiri utaniona jikoni." Nimelisema hilo mara nyingi sasa. Sijapata hata mama mmoja aliyekasirika. Wengine walinikumbatia, maana mtu wa kuvaa sare wanao sitini na mtu wa kusimamia sufuria hawana.

Pili, apime ukaribu. Mtoto wa ndugu yako wa tumbo moja si sawa na mtoto wa mtu uliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala. Sisi tunawapa wote 20,000 kwa sababu tunaona haya kupambanua. Mimi nina madaraja yangu. Damu yangu na jirani wa ukuta mmoja, hao nawapa mwili wangu siku zote za shughuli na zawadi ninayoimudu. Marafiki na wenzangu wa kazini, naenda siku moja, na mkononi nina kitu kidogo. Wa mbali, nampigia simu mama wa bi harusi, namuombea dua bintiye, namtumia hata 3,000 kwa simu. Watu wanadhani fedha ndogo ni tusi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tatu ni kalenda. Ramadhani hatuozeshi, kwa hivyo harusi hujazana Shaabani na mfunguo mosi. Hilo si jambo la kushtukiza, linakuja kila mwaka. Lakini wengi wetu tunapanga kwa miezi ya kizungu, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi au kumi na moja. Idd el Fitri ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 ikawa Machi 31. Inarudi nyuma hivyohivyo, na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Disemba. Maana yake ni kwamba msimu wa harusi unakwenda kukutana na sare za skuli na madaftari ya watoto mwezi wa Januari. Mnaona hesabu inavyokuja?

Na kipato chetu hakifuati mwezi mwandamo. Karafuu inafuata mvua, na hata mvua ikija haizai vizuri kila mwaka. Mwaka wa neema mama anachambua karafuu na makonyo mpaka vidole vinageuka rangi, anapata chake. Mwaka mbaya anakaa. Mwani nao bei inapanda na kushuka bila kutuuliza. Harusi hazipungui mwaka mbaya. Basi fedha ya harusi itengwe pale inapopatikana, siyo pale inapotakiwa. Mimi nina kopo. Nikipata cha mwani au cha maandazi, 1,000 inaingia, 2,000 inaingia. Kopo hilo ndilo linaloniambia mwaka huu nitazawadia kiasi gani. Likiwa jepesi, nazawadia kidogo na napika zaidi. Watu huniuliza kama si bora benki. Wenye benki na waweke benki. Muhimu fedha ile isichanganyike na ya unga.

Niseme kidogo juu ya tunza. Taarabu inapigwa, shairi linakugusa, shoga yako kakukamata mkono mnakwenda mbele kumtuza mwimbaji. Ni raha, na ni sehemu ya utamaduni wetu. Siwezi kuwaambia mkae kama magogo. Lakini nimeona mama akitoa nauli ya kurudia nyumbani kwa sababu mwenziwe aliyegombana naye katuza, naye hataki kushindwa. Kabla ya kutoka nyumbani vunja noti, tia kwenye fundo la kanga kile utakachotuza, nauli iache mahali pengine kabisa. Fundo likiisha, piga makofi.

Nauli ya boti, semeni na jamaa. Mkiwa kumi mnaokwenda harusi moja Unguja, si lazima mwende kumi. Watano waende wabebe zawadi za kumi, na harusi ijayo wapishane. Na ukifika, lala kwa ndugu, juu ya mkeka, na wanawake wenzako mkizungumza mpaka usiku wa manane. Hiyo ndiyo harusi yenyewe.

Jambo la mwisho linanikera, na nalisema kwa uchungu. Daftari la zawadi. Wako wanaoandika: fulani katoa 10,000, fulani 20,000, fulani sahani sita. Kisha harusi ya mwenzake ikija anafungua daftari, anarudisha ileile na kuongeza kidogo. Na mwenye kupokea naye anaandika. Fedha inapanda kila duru, na mjane wa mtaani, ambaye alipewa 20,000 wakati mumewe yuko hai, anatakiwa arudishe 25,000 wakati hana mtu. Nimemjua mama aliyeacha kwenda harusi kabisa kwa sababu ya daftari. Alikuwa mpishi hodari, hakuna aliyejua kupika pilau ya kombe zima kama yeye. Amejifungia ndani, anaona haya. Tumempoteza mtu kwa 25,000.

Kikundini kwetu tulikubaliana: kila mmoja anatoa 5,000 kwa harusi ya mwanachama, mwenye nacho na asiye nacho, na anayetaka kuongeza aongeze kwa siri, bila bahasha yenye jina. Madaftari tuliyachoma moto jikoni kwangu, na akina mama wawili walilia. Mmoja alisema amepumua.

Maswali nitayapokea, na nikikosea mnisahihishe, kwani humu mna wajuzi kuliko mimi. Ila kabla hamjatawanyika: mjukuu wangu anaolewa mfunguo mosi, wiki ya pili, inshaallah, nyumbani kwangu. Nyote mmealikwa. Sare hakuna. Nazi ninazo za kutosha, lakini kibao cha mbuzi ninacho kimoja tu, kwa hivyo anayeweza kuja tangu Jumatano na aje na chake.