Hendo ya Resi Kondele, Breki Iko Wapi?

Mnajua naanza na breki. Kila nikiitwa kuongea mambo ya baiskeli hapa Kisumu lazima kijana aulize hendo gani ni poa, yaani ule usukani wa kushika, ile imenyooka ama ile ya resi imejikunja kama pembe za kondoo, na mimi humuuliza hivi: tuktuk ikikukatia pale Kondele, mkono wako uko wapi?

Mwangalieni mtu wa hendo ya resi akienda kazi asubuhi. Kule chini hashiki, mgongo unamuuma na kuinua shingo aone mbele ni taabu. Ameshika juu, pale katikati, kwa sababu ndio pana raha, na pale hakuna breki! Tuktuk inaingia kuchukua abiria, indiketa hakuna, sasa yeye kwanza ahamishe mikono mpaka kwa levi, ile ya kuvuta breki, ndio avute. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, sekunde moja tu ashaenda zaidi ya mita 5. Hendo ikinyooka, vidole viko kwa breki hata ukipita kwa shimo.

Kuna mtu hapo ataniambia, mbona wale wa Tour de France. Wale wamefungiwa barabara bwana! Hakuna mama anavuka na beseni ya omena. Na wewe unayesema utashika juu ya levi zenyewe, haya, breki iko, lakini kwa breki za waya vidole hapo havina nguvu kama ukishika kule chini, na mvua ikinyesha rimu zilowe ndio utajua.

Upepo nakubali. Ukitoka Ahero alasiri upepo wa ziwa unakupiga usoni mpaka mjini, kuinama kunasaidia kweli. Kama hiyo ndio njia yako ya kila siku, nunua ya resi. Lakini wengi wenu ni hapa hapa mjini, Nyalenda na Kibuye, tena na mzigo kwa kariya, polepole, na hapo unataka hendo pana ya kushikilia.

Halafu fundi asikwambie ati ni kufungua moja na kufunga ingine. Iliyonyooka pale pa kushika unene ni milimita 22.2, ya resi ni 23.8, levi haziingiliani, utajikuta unanunua mpaka za gia.

Ya upana wa hendo niiache, muda umeisha. Wenye baiskeli hapo nje zileteni, levi nyingi zina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na vidole, tuzirekebishe sasa hivi, tuanze na wenye mikono midogo.