Mkrismasi, mti tunaoupanda vibaya

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mti mmoja, nami nimeuchagua huu tuliokaa chini yake. Hapa Moshi tunauita mkrismasi, na sababu mnaijua: ukianza kuwa mwekundu, mabasi ya kutoka Dar es Salaam nayo yanaanza kujaa watu wanaorudi Uchagani. Mama yangu hakuhitaji kalenda. Aliutazama ule wa njia panda, akaanza kupaka chokaa nyumba.

Wengi huuchanganya na jakaranda kwa sababu ya vijani vyake vidogo vidogo. Hawana udugu. Jakaranda asili yake Amerika Kusini, na ganda lake ni bapa, la mviringo. Mkrismasi ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa maharage tunayopika na makande. Lishikeni ganda lake hili: refu, mengine hufika sentimita 60, gumu kama ubao, na likikauka watoto hulitikisa kama kayamba. Umbo ni lile lile la ganda la haragwe. Ua nalo lina petali tano; nne nyekundu, ya tano imesimama peke yake na madoa meupe na ya manjano. Mkiondoka, okoteni moja mlitazame kwa karibu.

Kwao ni Madagaska, kwenye misitu mikavu ya magharibi na kaskazini. Wenzel Bojer, mtaalamu wa mimea aliyeishi Morisi, ndiye aliyewajulisha wanasayansi, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1829. Leo unapamba miji ya joto dunia nzima, huku misitu ya kwao ikikatwa na kuchomwa mkaa. Jambo hilo linaniuma sana.

Nimesikia watu wakisema kwamba, kwa kuwa ni mkunde, utarutubisha shamba. Hapana. Mizizi yake haioti vile vinundu vya bakteria mnavyoviona kwenye kunde. Upandeni kwa kivuli na maua, inatosha.

Lakini upandeni mbali na nyumba, jamani! Mizizi yake hutambaa juu juu. Mimi niliupanda hatua tatu tu kutoka ukutani. Baraza ikapasuka, ikabidi ukatwe, na ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuchanua. Siku fundi alipokuja na shoka nilikwenda sokoni, nisione.

Mbegu ina ngozi ngumu. Ukiifukia hivi hivi inaweza kukaa muda mrefu bila kuota. Isugue kwa msasa ubavuni mpaka weupe uonekane, uiloweke usiku kucha. Asubuhi ukiikuta imevimba, ipande. Ambayo haikuvimba, isugue tena.

Nimeleta mbegu kwenye kikapu kile pale. Kila nyumba ichukue tano. Mama zangu mliokaa mbele, anzeni nyinyi.