Gari isimame kwanza, ndipo iende

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mzee wetu mwenyekiti, walimu, mafundi wakubwa mliokaa mbele, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha, nakushukuruni nyote kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie vipi mtu asiyejua kitu anaweza kujifunza kuitengeneza na kuitunza gari ya zamani. Nadhani nimeombwa mimi kwa sababu mafundi waliopo hapa wameijua kazi tokea utotoni, na mtu wa namna hiyo husahau palipomtatiza mwanzo. Mimi sijasahau. Nilianza nikiwa na miaka 42, kwa gari ya marehemu baba, Morris Minor ya mwaka 1961, iliyokaa bandani Malindi ya hapa Unguja, karibu kabisa na bahari, miaka 15 bila ya kuwashwa.

Wazee mnazijua Morris hizi. Zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na aliyezibuni, Alec Issigonis, ndiye huyo huyo aliyekuja kubuni Mini. Yangu ina injini ya sisi 948, yaani sentimita za ujazo 948. Ukifunua boneti mkono unafika kila pahala: kabureta hii, distributa hii, plagi nne zimejipanga safu moja. Kwa anayejifunza, gari ya namna hii ni skuli khasa, maana kosa lake utaliona kwa macho au utalishika kwa vidole.

Sasa, lililonileta mbele yenu ni jambo moja. Wanaojifunza karibu wote huanza na injini. Mimi pia nilianza hapo, na nakuombeni nyinyi msianze hapo.

Nilinunua plagi mpya. Nikasafisha platini, vile vidole viwili vya kukata umeme ndani ya distributa, kwa msasa laini, nikapima nafasi yake kwa fila, kibati chembamba cha kupimia, inchi 0.015, chini kidogo ya nusu milimita. Nikamwaga petroli iliyooza tangini, nikafungua kabureta, nikaiosha. Siku ya tatu injini ikawaka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni analia, kwa sababu sauti ile alikuwa hajaisikia tokea baba kufariki. Nani angeizima baada ya hapo? Nikaingia, nikatia gia, nikatoka.

Kwenye kona ya kwanza nikakanyaga breki. Pedeli ikaenda mpaka chini, kama nimekanyaga hewa. Mbele yangu mtoto anavuka na mikate ya mama yake. Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili, nikaipindisha gari, ikapanda ukingo ikajigonga ukutani. Mtoto hakuguswa, alhamdulillahi. Mpaka leo nikipita kona ile naangalia pahala aliposimama.

Fundi aliyekuja kunifundisha baadae, jambo la kwanza hakufungua boneti. Aliniambia, "Mwanangu, kunja zulia hilo." Kwenye Morris, masta silinda ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, imefichwa chini ya sakafu, miguuni pa dereva, ndani ya boriti ya chesisi. Kuna kifuniko kidogo pale. Mimi nilikuwa sijui kama kipo. Tukakifungua: ndani kukavu. Mipira ya kuzuia mafuta yasivuje imekakamaa kama maganda ya nazi, na bomba ya chuma inayokwenda magurudumu ya nyuma imeliwa na kutu mpaka ina tundu. Nilipoibana baina ya vidole viwili ilivunjika.

Kwa hiyo breki ndiyo kazi ya kwanza ya anayejifunza. Fungua dramu zote nne, zile ngoma za breki magurudumuni, tazama breki shuu zinazosugua ndani yake, tazama silinda ndogo zinazozisukuma kama zinavuja, badilisha mipira yote. Bomba za chuma zing'oe, tia za shaba iliyochanganywa na nikeli, hizo hazioti kutu. Na mafuta ya breki yaelewe. Yananyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu sisi mnaijua. Mafuta mapya ya DOT 4 (ni daraja la mafuta ya breki) hayachemki mpaka yapite nyuzi 230 za sentigredi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke unabonyea, pedeli ikazama. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari haikutembea. Na asikudanganye mtu ukatia oili ya injini kwa kuwa "yote mafuta". Mipira itavimba na breki zitakamata zenyewe.

La pili ni grisi. Magurudumu ya mbele ya Morris yameshikiliwa, juu na chini, na vipande vyenye uzi kama wa parafujo. Vinazunguka kila unapokata kona. Vikikosa grisi, uzi unalika kimya kimya, hausikii kitu, halafu siku moja gurudumu linalala chini ya mkwapa wa gari na wewe umo njiani. Nipeli zake, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, zipo, kila upande juu na chini. Nyanyua kwa jeki, weka stendi madhubuti (jeki peke yake usiiamini, hata dakika moja), futa nipeli kwa kitambaa ili usisukume mchanga ndani, kisha piga grisi mpaka ya zamani, ile nyeusi, itoke na mpya ifuate. Kazi ya nusu saa. Ukiipiga kila baada ya kilomita 1,500 hivi utatulia.

Kuhusu spana nitasema kidogo, ijapokuwa hapa ndipo nilipopoteza nati nyingi. Spana zinazouzwa madukani kwetu ni za milimita, kwa ajili ya gari za Kijapani. Morris ni ya inchi. Spana ya 13 unaiona inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Ile nafasi ndogo iliyobaki ndiyo inayoviringisha kichwa cha nati, na ikishaviringika mtakuwa na patasi na nyundo mpaka magharibi. Tafuteni seti ya inchi kabla ya kitu chochote, hata iliyotumika.

Na kabla ya kununua betri, tazameni waya. Kwenye Morris nyingi za zamani upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Ukifunga kama ulivyozoea kwenye Toyota utaunguza redio, pengine na zaidi.

Lililobaki ni kutu, na hapa Unguja na Pemba kutu ni jirani wa kila siku. Chumvi inayokuja na upepo, uwe kusi au kaskazi, inakaa kwenye bati na kulivutia maji, bati halikauki. Waliotutangulia walikuwa wakiziba kutu kwa putii na kupiga rangi juu, gari ikang'ara, na chini inaendelea kuliwa. Chukueni sumaku, ifungeni kitambaa isikwaruze, ipitisheni milangoni, kwenye matao na ukingoni mwa sakafu. Pasiposhika, hapo hamna bati. Mimi sumaku yangu ilianguka chini mara sita upande mmoja tu. Palipooza hukatwa, hutiwa bati jipya na kuchomewa. Hakuna dawa nyengine niliyoiona ikifaa. Baada ya hapo, kila ukitoka njia ya pwani ioshe chini kwa maji ya mfereji, na kabla ya masika zibua matundu ya chini ya milango, maana maji yakituama humo mlango huoza kutokea ndani.

Injini je? Itakusubiri. Baada ya kufanya haya, mikono yako itakuwa imeshazijua spana, na jicho limeshajua lipi zima na lipi bovu. Utaifungua bila ya papara.

Gari yenyewe ipo nje, chini ya mwembe. Nimeshaiweka juu ya stendi na magurudumu nimeyawekea magogo. Wale vijana wa mlangoni nyinyi ndio mtakaoanza, kwa kuwa mmesimama muda wote. Mmoja akunje zulia, mwengine achukue spana ya nusu inchi. Tutafungua kile kifuniko cha sakafuni.