Upanga wa Mjapani: achana na ala, fungua mpini

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Huu hapa mezani ni upanga wa jeshi la Japani, wenyewe wanauita gunto, na kabla hamjaniuliza shingapi, mana najua ndo swali la kwanza, hebu niangalieni mikono.

Hiki kijiti cha mwanzi kwenye mpini nakigonga taratiiibu, kinatoka, mpini nao unachomoka. Umeona eeh? Upanga mzima ulishikwa na kijiti tu. Sasa hiki chuma cheusi kilichokuwa kimejificha humo ndani kinaitwa nakago, na bei karibu yote iko hapa, sio kwenye ala wala kwenye zile stori za babu aliupata kwa jenerali.

Stori zenyewe nyingine ni za kweli. Askari wetu wa Keya, lile jeshi la Waingereza la huku kwetu, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipigana na Wajapani kule Bama, Myanmar ya leo, 1944, bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, na vita ilipoisha 1945 maofisa wa Kijapani wakasalimisha panga zao, kwahiyo kuukuta kwenye dari la mtu Uingereza sio ajabu. Ila stori bila chuma hainunuliki.

Tuanze na wa kujulikana haraka. Mpini wa aluminiamu uliopakwa rangi ufanane na kamba, unashikwa na skrubu, alafu namba za kawaida kabisa zimegongwa kwenye chuma karibu na mpini: huo ni wa masajenti, modeli 95 ya mwaka 1935, kazi ya mashine. Tafuta namba ileile kwenye mdomo wa ala, zikilingana bei inapanda. Na huu ndo unaofojiwa sana, mimi nikiona namba imekaa upogo naaga.

Utamu uko kwa maofisa. Wao walijinunulia wenyewe, sasa mmoja kachukua wa dukani, mwenzake kabeba wa ukoo uliokaa kwao miaka mia tatu kauvisha ala ya jeshi, na kwa nje huwezi kuwatofautisha, ndo mana nakwambia fungua. Chuma cha kijivu chenye kutu changa na kimuhuri kidogo, mara nyingi ni wa wakati wa vita, umeundwa haraka na kuzimwa, yaani kupozwa ghafla ukiwa wa moto, kwenye mafuta. Ukikuta nyota ndogo tulia, hiyo ni alama ya wahunzi walioidhinishwa na jeshi, waliofua kwa njia ya zamani na kuzima kwenye maji. Kutu nyeusi iliyoiva, matundu mawili matatu, hapo kaa chini kabisa, unaweza kuwa wa karne nyingi uliokatwa ukafupishwa. Mwaka ukiandikwa Showa 17, Showa ni enzi ya mfalme wao Hirohito, jumlisha 1925, unapata 1942. Jina la fundi je? Lisikupagawishe, majina makubwa kama Kotetsu yameghushiwa toka enzi zao wenyewe.

Kuna jamaa aliniletea wake, nakago inang'aa kama kijiko cha harusi. Kapiga msasa! Eti kausafisha upendeze. Ile kutu ndo cheti cha umri bana, na kwenye maandishi ikabaki mikwaruzo tu, nikamwambia kaka umejilipia hasara kwa jasho lako mwenyewe, hakucheka.

Na usidhani utaurudisha Japani ukauze, kule upanga lazima usajiliwe, na hizi za kiwandani hazisajiliwi, zinaharibiwa.

Kwenye makali paka mafuta kidogo tu. Ya kwao ya asili yanaitwa choji, maana yake karafuu, Wapemba mnacheka, lakini nakago usiipake wala usiisugue. Vidole pia msiweke, jasho linakula chuma. Mama hapo mbele nishikie hicho kijiti nirudishie mpini, alafu tuupitishe.