Mtunza Jezi na Mabingwa Wake: Historia ya Arsenal ya Wanawake

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Walimu, makocha wa mitaani kwetu, na nyinyi mabinti mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini, nawashukuru kwa kuitikia mwito.

Katika mji huu jezi ya Arsenal haihitaji maelezo. Utaiona alfajiri kwenye feri ya Likoni, utaiona sokoni Kongowea, na aliyeivaa, awe mchukuzi au mwanafunzi, atakutajia bila kusita kikosi cha wanaume kilichocheza mechi 49 za ligi pasipo kushindwa hadi Oktoba 2004. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba katika klabu hiyo hiyo, Oktoba 2003, ulianza mwendo mwingine uliodumu hadi Machi 2009, wa mechi 108 za ligi bila kupoteza hata moja. Waliocheza walikuwa wanawake, na kwa sehemu kubwa ya mwendo huo kocha wao alikuwa mtu yule yule aliyewatunzia wanaume jezi na vifaa vyao.

Jina lake ni Vic Akers. Mwaka wa 1987 aliianzisha timu iliyoitwa Arsenal Ladies, na tukitaka kuupima uzito wa jambo hilo ni lazima tukumbuke hali ya soka ya wanawake nchini Uingereza wakati huo. Disemba 1920, mechi ya timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies iliwavuta watazamaji wapatao 53,000 katika uwanja wa Goodison Park jijini Liverpool. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Disemba 1921, chama cha soka cha nchi hiyo, FA, kiliwapiga marufuku wanawake kuchezea viwanja vya klabu wanachama, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hayo yalidumu takriban nusu karne. Kwa hiyo nawaomba sana tusikubali kuambiwa kwamba wanawake walichelewa kuupenda mpira au kwamba mpira wao haukuwa na wapenzi. Wapenzi walikuwepo, wakafungiwa milango, na hasara yake inaonekana hadi leo kila watu wanapolinganisha mapato ya timu za wanaume na za wanawake kana kwamba zilianza safari siku moja.

Akers hakuwa na fedha za kugawa. Alichokuwa nacho ni nafasi ndani ya klabu kubwa, na aliitumia nafasi hiyo kuwatafutia wachezaji wake vifaa, viwanja na hata ajira. Katika msimu wa 1992/93, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, timu ilitwaa ubingwa wa ligi, Kombe la FA na Kombe la Ligi kwa pamoja. Tangu hapo makombe yalifuatana, lakini mshahara wa kumtosha mchezaji haukuwepo. Alex Scott, beki wa kulia wa Arsenal na wa timu ya taifa, alifanya kazi katika chumba cha udobi cha klabu, akifua jezi za wanaume.

Mnishikie hapo, kwa sababu msimu wa 2006/07 ndio kilele cha zama za Akers. Arsenal ilifika fainali ya Kombe la UEFA la Wanawake, iliyochezwa kwa mikondo miwili, dhidi ya Umeå ya Sweden. Umeå walikuwa wamelitwaa kombe hilo mara mbili, mwaka wa 2003 na 2004, na safu yao ya mbele iliongozwa na Marta wa Brazil, ambaye wengi wetu tunamhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliopata kuucheza mchezo huu. Arsenal nao walimkosa mshambuliaji wao hodari, Kelly Smith, aliyekuwa akitumikia adhabu ya kadi nyekundu. Mkondo wa kwanza, ugenini, ulikuwa umeingia dakika za nyongeza bila bao wakati Scott alipoachia kombora kutoka mbali likatinga wavuni. Katika mkondo wa pili, uwanjani Borehamwood, nje kidogo ya London, Umeå walishambulia bila kupumzika na kipa Emma Byrne hakukubali kufungwa. Mechi ikaisha sare tasa, na kombe likaja Uingereza kwa mara ya kwanza. Msimu huo huo walichukua pia ligi, Kombe la FA na Kombe la Ligi. Bao lililoleta taji la Ulaya lilikuwa la Scott yule wa chumba cha udobi.

Mwaka wa 2009 Akers alistaafu ukocha wa wanawake, na ligi mpya ya Marekani, iliyokuwa na uwezo wa kulipa, ikawachukua Smith, Scott na Karen Carney. Hata hivyo, ligi kuu mpya ya wanawake ya Uingereza ilipoanza mwaka wa 2011, bingwa wake wa kwanza alikuwa Arsenal. Tusisahau pia kwamba binti wa Kiafrika, Asisat Oshoala wa Nigeria, alivaa jezi hiyo mwaka wa 2016 na kushinda nayo Kombe la FA.

Mwaka wa 2017 neno Ladies liliondolewa katika jina la timu, na msimu wa 2018/19, ligi ilipowataka wachezaji wote wawe wa kulipwa kwa kazi ya muda wote, Arsenal ilitwaa ubingwa kwa mabao 22 ya Vivianne Miedema. Watazamaji nao waliongezeka baada ya klabu kuwafungulia wanawake uwanja mkubwa wa Emirates. Septemba 2022 walifika 47,367 kuiona Arsenal ikicheza na Tottenham, na Februari 2024 wakapita 60,000 katika mechi dhidi ya Manchester United. Mimi naziona takwimu hizo kuwa jibu kwa uamuzi wa mwaka wa 1921.

Taji la pili la Ulaya lilipatikana kwa taabu. Oktoba 2024 kocha Jonas Eidevall alijiuzulu, na Renée Slegers akashika nafasi, kwanza kwa muda. Katika robo fainali walifungwa 2-0 na Real Madrid, wakarudi nyumbani wakashinda 3-0. Katika nusu fainali walifungwa 2-1 na Lyon nyumbani, kisha wakaenda Ufaransa wakawafunga 4-1. Tarehe 24 Mei 2025, jijini Lisbon, waliikabili Barcelona iliyokuwa bingwa mtetezi, na pasi ya Beth Mead ikamkuta Stina Blackstenius, ambaye hakukosea. Nahodha wa England, Leah Williamson, alikuwa uwanjani siku hiyo. Alijiunga na Arsenal mwaka wa 2006 akiwa na umri wa miaka tisa.

Miezi miwili baadaye klabu ilimsajili Olivia Smith wa Kanada kutoka Liverpool kwa pauni milioni moja, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa kabla ya hapo katika usajili wa mchezaji wa kike, na ikatangaza kwamba mechi zote za nyumbani za ligi msimu wa 2025/26 zingechezwa Emirates. Nakomea hapo. Naomba maswali yaanze na mabinti, kisha makocha.