Nimesahau namba yangu ya usajili: woga wa UE na msuli uliogoma

ZUU: Mambo vipi jamani, karibuni tena, mimi Zuu na niko na mwenzangu Mudi kama kawaida, leo tunaongea chini chini maana jirani hapa ana mtoto mchanga ndo kalala sasaivi.

MUDI: Na feni tumezima kwa ajili ya maiki, kwahiyo mkisikia mtu anahema ni mimi na joto la Dar.

ZUU: Leo ni UE, ile mitihani ya chuo ya mwisho wa simesta. Ile ratiba ikibandikwa tu tumbo linaanza kukata. Na kuna hili lingine watu hawalisemi, mtu alikua kipanga huko kwao, kaja chuo na divisheni wani yake, afu mwaka wa pili hataki hata kulifungua desa, yaani zile noti za kusomea. Mudi we ndo shahidi wa yote mawili.

MUDI: Shahidi wapi, mimi ndo mtuhumiwa. Mwaka wa pili, mwezi wa 2, pepa la takwimu saa mbili asubuhi. Nimekesha, nimekunywa vile vinywaji vya kopo viwili, nimefika venyu nimekaa, msimamizi kagawa vitabu vya kujibia, pale juu panataka namba ya usajili. Mwanangu, nikaisahau. Namba naiandika kila test kila asainmenti mwaka mzima na nusu, imefutika.

ZUU: Si ipo kwenye kitambulisho?

MUDI: Kitambulisho kipo mezani mbele yangu! Kimelala kifudifudi. Nakitolea macho nasoma yale maneno ya nyuma "ukikiokota kirudishe", sikupata akili ya kukigeuza. Mkono umelowa mpaka karatasi inanata kwenye kidole. Mbele yangu kuna dada kashaanza kufunua ukurasa, fwaa, nikajua huyu namba moja kamaliza, kumbe anahesabu maswali tu.

ZUU: Afu kuna yule wa kuomba karatasi ya nyongeza watu hata hawajafika nusu saa.

MUDI: Yule ahamishiwe venyu ya peke yake. Sasa sikiliza hesabu inayouma. Kozi wek, zile maksi za test na asainmenti, nilikua na 27 kwenye 40. Kupita ni jumla ya 40 kwenye 100, kwahiyo kwenye UE ya 60 nilikua nadaiwa 13 tu.

ZUU: 13!

MUDI: 13 dada, mtu anaandika jina vizuri anapewa 13. Nikapata 9.

ZUU: Sapu hiyo, unarudia pepa.

MUDI: Sapu, mwezi wa 9, na nyumbani Tanga nikasema nipo fildi, kwenye mafunzo ya vitendo. Lakini hiyo sio mbaya kuliko iliyofuata. Simesta ya pili ndo nikazima kabisa. Kila jioni nabeba begi naenda kimbweta, zile meza za nje za kusomea, nafungua laptop, desa nalitandika pale pembeni, afu naangalia mpira, marudio ya mechi ambazo hata matokeo nayajua! Saa nne usiku narudi hosteli nimechoka kweli kweli, watu wananipa pole, jamaa anapiga msuli huyu, yaani anakomaa na kusoma.

ZUU: Na ulikua unajiona mvivu?

MUDI: Nilikua najua mimi ni mvivu, imeisha hiyo.

ZUU: Mi nakataa. Mvivu analala zake, habebi begi masaa manne. We ulikua unalikimbia desa kwasababu kila ukilifungua unaiona ile 9. Yaani woga wa pepa na kukosa hamu mi naona ni mtu mmoja kabadilisha shati. Na wanaokimbia kwa kuchora ratiba ndo siwawezi, mtu anakaa masaa mawili na kalamu za rangi, jumatatu kijani jumanne njano, akimaliza kuchora anasikia kama kashasoma.

MUDI: Usinitazame.

ZUU: Nakutazama. Nini kilikutoa sasa?

MUDI: Kwenye diskasheni yetu kulikua na mwalimu kaja kujiendeleza, tulikua tunamuita Mzee tu. Siku moja kanikuta na mpira wangu pale, hajanisema, kachukua desa kalikalia. Kanipa karatasi nyeupe, anasema andika unachokijua kuhusu usambaaji wa takwimu. Nikaandika mistari minne, na mmoja ulikua uongo. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Afu kesho nikarudi mwenyewe, nikaandika kumi na moja.

ZUU: Hiyo kitu ina utafiti wake, Roediger na Karpicke, 2006 huko Marekani. Walichukua wanafunzi, wengine wanasoma habari kisha wanairudia kuisoma, wengine wanasoma afu wanafunika na kuandika wanachokumbuka. Ukiwapima baada ya dakika tano waliorudia kusoma wako juu. Ukiwapima baada ya wiki, wale wa kufunika na kuandika wamewaacha mbali. Ndo maana saa nane usiku desa linaonekana tamu, kila mstari unasema eeh hii naijua, kumbe unaitambua tu kama sura ya mtu wa kwenye daladala, ukiulizwa jina huna.

MUDI: Na hamu haikuja kwanza eti, hamu ilikuja kwenye ule mstari wa tano. Ningeisubiri ningekua nipo kimbweta mpaka leo.

ZUU: Na ule woga wa pepa je?

MUDI: Ule haukuisha, nisiwadanganye. Ila sapu nililala masaa sita, na nikafika nikakaa mbali na mlango, maana pale mlangoni ndo kuna yule wa "oya umesoma ile ya mwisho?", na hiyo ya mwisho we hata hujawahi kuisikia.

ZUU: Kuna watafiti wengine, Ramirez na Beilock, 2011, waliwaambia wanafunzi kabla ya pepa waandike dakika kumi kila wanachokiogopa kuhusu hilo pepa. Walioandika wakafanya vizuri kuliko waliokaa tu, maelezo yao ni kwamba ule wasiwasi unakula nafasi kichwani ambayo ungeitumia kukokotoa.

MUDI: Mama angekwambia hiyo ni dua, ila imeandikwa.

ZUU: Kabisa. Lakini kwa dhati kidogo, kama ni wiki tatu hulali, huli, unatamani kupotea tu, hapo usihangaike na mambo ya karatasi nyeupe, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi au hospitali ya chuo, uongee na mtu. Na kuahirisha pepa kwa ugonjwa kupo, ila barua na karatasi ya daktari zinaenda kabla ya pepa, ukishaingia ukafeli ndo unakumbuka kuumwa hakuna wa kukusikiliza.

MUDI: Mi hilo sikulijua.

ZUU: Sapu ulipata ngapi?

MUDI: 58. Wakaandika C, kwetu sapu hata upate 90 ni C.

ZUU: Na mama aligundua vipi?

MUDI: Nilimpigia mwenyewe usiku wa kuamkia sapu, ule uongo wa fildi umenishinda kuubeba. Nikamwambia mama mimi nina sapu. Kimya. Afu anauliza, "Supu ya nini?" Nikasema sapu mama, sapu, nimefeli takwimu narudia kesho. Anasema, "Sasa si ungesema toka mwezi wa 7, mi nakaa hapa nawaambia watu mwanangu yuko fildi, na dada yako kashaniambia zamani."

ZUU: Kumbe alikua anajua!

MUDI: Miezi miwili ananiuliza fildi inaendaje, na mi najibu inaenda vizuri mama, tunapewa na chai.

ZUU: Haya jamani tunakata hapa, mtoto wa jirani kaamka.